Kiatu cha Kushoto

Kiatu si mguu, Zuhura. Usinichanganyie mambo. Kiatu hakioti uvimbe, hakimnyimi mtu usingizi, na sijasikia mtu aliyekufa kwa sababu alikataa kuvua kiatu. Lakini jana ulisimama mlangoni kwangu, umeegemea fremu, ukanyoosha kidole kwenye kiatu kilichotundikwa msumarini ukutani ukasema, "Dada Somoe, wewe mwenyewe kiatu kimekushinda kukiachia, mie ndo niachie mguu?" Ukajiona umenimaliza. Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo, na macho yake yalikuwa yameshavimba vya kutosha. Leo sinyamazi.

Kwa wengine mtakaosoma hapa: Zuhura ni binti wa Miburani, yuko kidato cha tatu, na goti lake la kulia limevimba kama dafu. Daktari wa hapa Kilindoni, Mafia, ameshasema, wa Dar wameshasema, picha zimeshapigwa. Boti ya kumvusha kwenda Nyamisati, afike Dar akakatwe, ni ya kesho asubuhi. Yeye anasema hapandi. Anasema ameumbwa na miguu miwili na atazikwa nayo yote miwili. Bibi yake anamuunga mkono. Ndipo sista mmoja wa hospitali akamleta kwangu, kwa sababu mie ni mfano. Ndilo neno alilotumia, mfano, kama vile mie ni ule mchoro wa chura aliyepasuliwa kwenye ubao wa biolojia.

Haya. Mfano unaongea.

Mie ni wa Bweni, kule juu kwenye mnara wa taa, ambako barabara ikifika imeshachoka na watu wameshachoka. Goti langu la kushoto lilianza kuuma nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, naenda na mama mwambani kuchokoa pweza maji yakitoka. Nikadhani nimejikwaa. Mama akadhani nimejikwaa. Kijiji kizima kikadhani nimejikwaa, na kijiji kikishadhani kitu, kila mwenye mdomo anakuwa daktari.

Nikakandwa. Nilikandwa kwa maji ya chumvi, nikakandwa kwa majani ya mbarika, nikakandwa kwa jiwe la moto lililofungwa kitambaa. Shangazi Tatu, dada yake baba, ana mikono ya kukamua tui. Alinikandamiza goti mpaka nikamuuma bega.

"Vumilia mwanangu, damu mbaya inatawanyika."

Kweli, ilikuwa inatawanyika. Hilo alipatia.

Wakatoka hapo wakasema nimemkanyaga shetani mwambani. Akaja mtu wa kunichanja chale, akataka kuku mwekundu. Kuku alikuwa na akili kuliko yeye, maana alijaribu kukimbia. Mie sikukimbia, nilikuwa siwezi. Kwa hiyo sikilizeni, goti likivimba bila sababu na likauma hata ukiwa umelala, msikande, nendeni hospitali. Hiyo ndiyo tiba yote mtakayoipata kwangu. Mambo ya seli na nini na nini kamuulizeni daktari, analipwa kwa hilo.

Nitawaambia habari ya mabenchi, hayo nayajua. Kwenye benchi la kusubiri hakuna mgonjwa anayeruhusiwa kuumwa kuliko mwenzake. Ukisema goti, wa pembeni anasema mgongo. Ukisema hulali, yeye hajalala tangu arubaini ya mumewe. Nilikaa benchi la Kilindoni nikakaa na viti vya chuma vya Dar, kwenye korido ndefu yenye televisheni isiyotoa sauti, siku zote watu wanapika humo ndani, wanakaanga, wanaonja, wanachekeana, na sisi wote tumekodoa macho na hakuna hata mmoja anayeweza kula. Ilikuwa kaskazi, joto la Dar linanuka, na mama amekaa pembeni yangu na kapu lake la ukili kama mtu aliyekuja sokoni. Daktari wa Kilindoni aliyetuandikia kwenda Dar alikuwa mtu wa bara, alimsemesha mama polepole kama kiziwi. Wa Dar naye vilevile. Mama akawa anaitikia "ndiyo baba, ndiyo baba," halafu wakitoka ananiuliza, "Amesemaje?"

Wakaanza na dripu. Kuna moja nyekundu kama juisi ya ukwaju iliyotiwa rangi. Ukishaipata hiyo, mdomo unachubuka ndani, chakula chote kina ladha ya sarafu, na nywele zinabaki kwenye mto. Mama alizikusanya. Unywele mmoja mmoja, anatia kwenye mfuko wa nailoni, anafunga fundo. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo, mtu mbaya akizipata anazifanyia kazi. Nikamwambia, "Mama, huyo mtu mbaya anitafutie nini zaidi ya hiki nilicho nacho?" Akaendelea kukusanya.

Halafu daktari akasema mguu utoke, kuanzia pajani. Mama, ambaye kwa wiki zote hizo alikuwa hawaulizi madaktari kitu, akauliza swali moja.

"Hakuna kingine cha kukata?"

Daktari akadhani hajasikia vizuri. Akarudia. Mama naye akarudia: nilimzaa mzima, nitamrudisha mzima. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, unataka arudi mzima au arudi hai?" Lilikuwa swali la kinyama na nilimpenda kwa kuliuliza. Nilikuwa nimeshatimiza umri, nikatia sahihi mwenyewe. Mama hakunisemesha mpaka asubuhi ya upasuaji, na alichosema asubuhi ile ni, "Umeswali?" Basi.

Sasa Zuhura, wewe unaogopa kukatwa. Kukatwa unalala, unaamka, kimekwisha. Ungeogopa ndugu zako.

Nilipoamka mguu wangu ulikuwa na ratiba kuliko mimi. Kwetu kiungo cha mtu hakiachwi, kinarudi kwenye udongo wa kwao. Sawa, sina ugomvi na hilo, ni heshima. Mjomba Faki, kaka yake mama, huyu ninayekaa kwake sasa, kazi yake ni kununua samaki Kilindoni na kupeleka Dar. Akauomba mguu, hospitali wakampa kwa taratibu zao, umefungwa vizuri. Akausafirisha na chombo alichonacho, deli lake la samaki. Barafu chini, mguu, barafu juu. Kilindoni bandarini jamaa wa ushuru wa samaki akamsimamisha kama anavyomsimamisha kila siku. Mjomba ananisimulia haya mwenyewe, hana haya.

"Faki, leo samaki wanatoka Dar wanakuja huku? Umebeba nini?"

"Mguu."

"Wa ng'ombe?"

"Wa Somoe. Mtoto wa dada."

Yule jamaa akafungua mfuniko, akafunga, akasema inna lillahi, akaenda zake kukaa kwenye kivuli. Hakumaliza zamu.

Na hapo ndipo akili za watu zilipoishia. Kwa sababu jamaa alisema inna lillahi, wapagazi wakaitikia. Mtu wa boda akaipeleka Bweni habari ya msiba kabla ya mguu wenyewe kufika. Mjomba anaingia kijijini na deli nyuma ya pikipiki, anakuta wanawake wameshakaa chini, mchele umeshaletwa, Shangazi Tatu ameshajifunga kanga kiunoni analia jina langu. Wenzangu wa shule wakaniweka kwenye status, picha yangu ya mahafali na njiwa wawili wanaruka. Mie niko wodini, nina bomba la mkojo, nasoma kwenye simu jinsi nilivyokuwa mpole na mcheshi. Upole wangu mie! Kuna mmoja, sitamtaja, aliandika eti tulikuwa kama pacha. Huyo huyo hakuwahi kunipigia simu tangu nianze kuumwa. Nikampigia mimi. Akaiacha simu ikaita. Baadaye aliwaambia watu kuwa marehemu anapiga.

Hawakusambaa, ndilo linaloniudhi. Mjomba aliwaeleza ni mguu tu, mtoto yuko hai. Wakasema alhamdulillah, na kwa kuwa wali umeshapikwa, wakala. Makaburini wanaume wakabishana kibla. Vidole vielekee wapi, au goti ndilo kichwa? Mwalimu wa madrasa akawaambia kwa ukali hakuna sala hapa, hakuna kichwa hapa, fukieni muende nyumbani. Wakafukia. Lakini mama alikuwa ameagiza kwa simu wachomeke mti wa alama kila upande, kama kaburi la mtu. Wakachomeka.

Baba ndiye niliyemhurumia. Alikuwa dago, Shungimbili, wanakopiga kambi wavuvi, na habari iliyomfikia kule ni ile ya kwanza. Akarudi hajala, akapita moja kwa moja makaburini, akakuta kaburi jipya, fupi kiasi kile, akapiga magoti akaniombea mpaka Mjomba akamshika bega na kumweleza. Baba akanyanyuka, akajikung'uta mchanga, akasema, "Kwa hiyo mnanizikia mtoto kwa vipande?" Akarudi Shungimbili siku ileile. Alinipigia akiwa kule. Hakusema kitu cha maana, aliniuliza kama nakula samaki.

Mnaambiwa mguu uliokatwa unaendelea kuuma. Ni kweli. Wangu ulikuwa unawasha, hasa kisigino na kidole gumba, na hakuna mahali pa kukuna. Nikafanya kosa la kumwambia mama. Alikuwa pembeni ya kitanda changu, akainuka, akatoka koridoni, akampigia Mjomba. Nikamsikia. "Faki, mmemlaza vibaya mtoto wangu. Vidole vimekunjika. Nenda kamnyooshe."

Na Mjomba akaenda. Mtu mzima, mwenye wake wawili na leseni ya biashara, akaenda na jembe makaburini Bweni akaufukua mguu wangu, akanyoosha vidole, akafukia. Mama akarudi kitandani ametulia kabisa. "Bado unawasha?" Kilichonichukiza, Zuhura, na nakwambia kwa sababu mie si mwongo, ni kwamba siku ile haukuwasha. Ulianza tena baadaye, lakini siku ile haukuwasha, na ilibidi nimwambie.

Kitanda cha jirani mtu akacheka mpaka dripu yake ikapiga kelele. Ndivyo nilivyomjua Pendo.

Pendo alikuwa wa Songea, anajifunza ushonaji, amenizidi umri kidogo na maneno mara kumi.

"We mla pweza, wamekata upi?"

"Wa kushoto."

"Mimi wa kulia. Tukiunganishwa tunapata mtu mzima na mdomo wa ziada."

"Wako mmeuzika wapi?"

"Nimewaachia hukohuko. Nilimsikitikia mwenye cherehani tu, ni ya kukanyaga, sasa nitakuwa nashona nusu nguo."

Tulikuwa pamoja masika yote. Naihesabu masika ile kwa dripu: mvua ya kwanza tukiwa kwenye nyekundu, mafuriko mtaani tukiwa kwenye ile ya njano, na jua liliporudi tulikuwa tunajifunza magongo koridoni, tunaanguka kwa zamu. Pendo alikuwa na tabia moja, hawezi kukaa na kitu. Mtu akiruhusiwa kwenda nyumbani, Pendo anamvisha kitu. Kilemba chake kikaenda Tabora. Kanga aliyopewa na mama yake ikaenda na bibi mmoja wa Lindi. Wigi, ambalo dada zake walichanga kulinunua, alimpa mtoto wa kitanda cha mwisho achezee, akawa analichana kama manyoya ya paka. Nikamgombeza. Nikamwambia utabaki uchi.

"Acha viende. Vitu vyangu vinatembea vizuri kuliko mimi."

Wengine huwa wanakuja wodini kukufundisha kukubali. Watu wa dini zote, wenye miguu miwili wote. Wanasimama pale mwisho wa kitanda, wanazitazama shuka mahali ambapo mguu haupo, wanasema dunia ni mapito, mwili ni wa kuazima. Wakimaliza wanatafuta funguo za gari. Nilikuwa natamani mmoja wao tu ajikwae mlangoni. Pendo hakuwahi kuniambia habari ya mapito. Alikuwa ananiambia nimechafua beseni lake.

Siku tulipoweza kufika getini na magongo, tukakuta machinga anauza viatu vya mitumba ametandaza kwenye turubai. Kulikuwa na raba nyeupe zenye mstari wa kijani. Tukazikodolea macho.

"Pea ngapi, dada zangu?"

"Moja," Pendo akasema.

"Anavaa nani?"

"Wote. Mimi hiki cha kushoto, mwenzangu cha kulia. Lete tupime."

Yule kaka akatutazama, akatazama chini, akaelewa, uso ukamshuka. Akasema basi, chukueni tu, nitawapunguzia. Pendo akamjia juu. "Punguza kwa sababu soli imelika. Usipunguze kwa sababu ya mguu wangu, mguu wangu haukuwa wako." Akapunguza kwa ajili ya soli. Tulirudi wodini tumevaa kiatu kimojakimoja, na nakumbuka vizuri, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliutazama mguu wangu wa kulia nikauona umependeza.

Nikaruhusiwa kusi ilipoanza. Yeye akabaki kidogo. Akanipa beseni.

Nikarudi Bweni, nikakuta nina mpinzani. Kila Ijumaa mama anaoga, anavaa baibui, anachukua maji ya kumwagia na chupa ya marashi, anapita barazani nilipokaa na magongo yangu, hajaniuliza nimekula au sijala, anakwenda kuusalimia mguu. Akirudi macho mekundu. Ijumaa baada ya Ijumaa. Nilikuwa siwezi kwenda mwambani, siwezi kuchota maji, nasuka ukili mpaka vidole vinakatika, na mama ananipita kama gunia.

"Mama. Mwenye mguu niko hapa."

"Nyamaza. Hujui uchungu wa kuzaa."

"Hukuuzaa peke yake."

Alinitazama kama nimetukana mtu aliye kaburini. Na kwake yeye nilikuwa nimetukana mtu. Nilimdharau, nasema wazi. Nilikuwa namwona mjinga, analea nyama iliyooza na mwanawe yuko barazani ananenepesha inzi. Shangazi Tatu akanishauri nimvumilie. Nikamwambia yeye akakamue tui.

Vuli ya mwaka ule ilikuja na hasira. Ardhi yetu ni mchanga, na makaburi yako kwenye mteremko. Ijumaa moja mama akatoka na chupa yake kati ya mvua na mvua, akarudi mapema, amelowa, amesimama uani maji yanamchuruzika kwenye pua.

"Sikuuona."

"Nini?"

"Mahali pake. Vile vijiti vimechukuliwa na maji, kote kumesawazika. Nimemwaga maji, sijui nimemmwagia nani." Akafikiri. "Labda mama mkwe."

Mama yangu na mama mkwe wake hawakuwahi kupatana, na mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka amekaa kwenye kizingiti mpaka akalia, akalia mpaka akachoka. Halafu akafuta uso kwa kanga, akautazama mguu wangu wa kulia ulionyooshwa mkekani.

"Huu mbona kisigino kimepasuka hivi? Huoni aibu?"

Akaleta mafuta ya nazi. Akaniwekea mguu mapajani akanipaka, kisigino, kati ya vidole, polepole. Tangu nikatwe hakuwahi kuugusa ule uliobaki. Nilitaka kusema kitu cha kumchoma, nilikuwa nacho tayari mdomoni, nikakimeza. Ijumaa iliyofuata alikwenda kuchokoa pweza.

Mvua ndiyo iliyofanya kazi ile, Zuhura. Haikumuuliza kama yuko tayari.

Kaskazi ilipoingia nikahamia kwa Mjomba hapa Kilindoni, kwa sababu kila kliniki barabara ya Bweni ilikuwa inanivunja kiuno. Pendo tulikuwa tunaandikiana kwenye simu. Anatuma picha ya kiatu chake kimekaa kwenye kanyagio la cherehani. Natuma changu kiko kwenye mchanga. "Usinizeeshee chako," anasema, "havitalingana." Halafu akaandika anakohoa. Halafu akaandika wameona kitu kifuani. Halafu akawa anatuma sauti badala ya maandishi, fupi, anahema katikati. Ya mwisho alinitania, akaniuliza kama mguu umeshafufuka. Kisha kimya, na baadaye namba yake ikanipigia, akaongea kaka yake.

Sikumlilia siku hiyo. Nilienda kufua. Wenye akili zao wakasema nimepokea vizuri.

Kiatu chake kikaja na mzigo wa basi mpaka Dar, na kutoka Dar kikavuka ndani ya deli la Mjomba lililokuwa linarudi tupu. Hilohilo. Kimefungwa kwenye gazeti. Kaka yake alisema tu, "Alisema kirudi kwako." Kirudi nikifanyie nini? Cha kushoto! Mjomba akaja na busara zake, eti nikiweke, siku nikipata mguu wa bandia kitanifaa. Nimekatwa juu sana, huo mguu wa bandia nimeambiwa nisubiri na nasubiri. Lakini nilimjibu Mjomba kwamba mguu wa plastiki hauna haki ya kuvaa kiatu cha Pendo. Nikapiga msumari, nikakitundika. Kila nikiamka nakiona. Nilikifuta vumbi. Nilikibadilisha kamba. Juzi Ijumaa nilikipiga rangi nyeupe mahali palipochubuka.

Ijumaa. Nimeliandika neno hilo sasa hivi na nimelitazama. Mama na chupa yake ya marashi, mie na rangi ya viatu. Angalau mama alikuwa na mchanga wa kumsaidia. Msumari haulowi mvua.

Kwa hiyo ulipatia, Zuhura, na nakuchukia kwa kupatia. Ulipatia kuhusu kiatu. Kuhusu mguu umekosea, tena vibaya, na wewe utakufa kwa kosa lako na mie siwezi kufa kwa langu, hiyo ndiyo tofauti yetu. Sikwambii hautauma. Sikwambii utazoea, wanaosema utazoea hawana cha kuzoea. Watu watakutazama. Bibi yako atakulilia ukiwa hai mbele yake. Utaota unakimbia, utaamka unataka kusimama, utaanguka. Sikwambii pia kwamba ukikatwa utapona, Pendo alikatwa. Nakwambia mie nipo. Nimekaa, nina njaa, nimekasirika, kuna pweza wa nazi jikoni kwa mke mkubwa wa Mjomba na nasikia harufu yake. Hivyo vyote vinafanyika bila mguu wa kushoto.

Na kuna jambo lingine nililolifikiria tangu jana ulipoondoka ukichechemea. Goti lako ni la kulia.

Ungekuwa na Pendo kwenye kitanda cha jirani angekuwa ameshakuvisha kitu. Yeye hakuwa na msumari.

Basi nimeamua. Kesho asubuhi, boti haijafunguliwa kamba, nachukua boda mpaka Miburani. Sitaki chai ya bibi yako wala sitaki kubishana naye, nitamwamkia shikamoo nipite. Nitakaa chini mbele yako, nikuvalishe kiatu hiki kwenye mguu wako wa kushoto, ule utakaobaki, na nikufunge kamba. Jana niliutazama, una mguu mkubwa kama wa mpagazi, kitakubana. Kunja vidole. Ukipanda boti, nenda nacho, kafike nacho Dar, na mtu akikuuliza kingine kiko wapi mwambie kiko Mafia kinatembea. Usipopanda, kitabaki hapo kwenu mkitazame wewe na bibi yako.

Mie sirudi nacho.